Mtu Namba 417 wa Mkongeni

Saa nne na dakika sita asubuhi, vijana wawili walimnyang'anya mama mmoja mkoba mbele ya soko la Mkongeni, jijini Morogoro. Kabla hawajafika kona ya kwanza, nyuki-doria arobaini walikuwa wamekwisha kuruka kutoka kwenye mzinga wao wa chuma juu ya paa la ofisi ya kata. Kila nyuki alikuwa na ukubwa wa kiganja cha mtoto, mabawa manne na jicho moja. Waliwazunguka wale vijana, wakawamwagia rangi ya zambarau isiyotoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa, kisha wakabaki hewani wakivuma mpaka askari walipofika, wakitembea bila haraka. Tukio zima lilichukua sekunde hamsini na mbili. Mkoba ulirudi kwa mwenyewe, na hata nyanya zilizokuwa ndani hazikupondeka.

Wageni kutoka majiji mengine, waliokuwa wakitazama kwenye skrini upande wa pili wa jiji, walipiga makofi. Mhandisi Asteria Mkude aliwangoja wamalize. Kisha akawaeleza, kwa sauti yake ya chini, kwamba wale nyuki ni mikono tu. Akili yenyewe ilikuwa chini ya ardhi, nayo iliitwa Mizani.

Mizani ilikuwa akili mnemba isiyosubiri uhalifu utokee. Taa za barabarani, milango ya maduka na mabomba ya maji ya mtaa viliwatambua wakazi kwa mwendo wao, kwa kuwa hakuna watu wawili wanaotembea sawasawa. Kutokana na hayo Mizani ilipima ukaribu: nani anakaa na nani, mara ngapi, kwa muda gani. Kundi la wahalifu, alisema Asteria, limefumwa kama wavu, na mahali fulani kuna fundo moja ambalo likifunguliwa wavu wote hulegea. Kazi ya Mizani ilikuwa kulitafuta fundo hilo. Majina yalifichwa. Hata yeye aliona namba tu, ili asiwepo mtu wa kumpendelea ndugu wala kumwonea adui.

Mgeni mmoja aliuliza kama mashine hiyo imewahi kukosea. Asteria alijibu kwamba ndani ya miaka miwili matukio ya uhalifu Mkongeni yalikuwa yameshuka kwa asilimia themanini na mbili. Wageni waliandika. Usiku ule alipokuwa akivua viatu alikumbuka kwamba hilo halikuwa jibu la swali aliloulizwa, lakini hakulifikiria sana.

Asteria alizaliwa Mkongeni hukohuko. Baba yake alikuwa na duka dogo la dawa, na mchana mmoja wa Jumamosi Kundi la Nondo liliingia dukani humo. Waliitwa hivyo kwa sababu ya vyuma walivyobeba. Walichukua walichotaka, kisha mmoja wao akampiga yule mzee kichwani, bila sababu yoyote, wakati wakitoka. Tangu siku hiyo baba yake hakuweza kusema sentensi nzima. Asteria alikuwa na miaka ishirini na sita, mwanafunzi wa uhandisi wa akili mnemba. Alichagua utafiti wake wiki hiyo hiyo.

Mizani ilipokuwa tayari, wakazi waliitwa kwenye mkutano wa hadhara kuijadili. Wengi waliikubali, maana walikuwa wamechoka kufunga maduka mapema na kuwasindikiza wake zao bombani. Mmoja tu ndiye aliyenyoosha mkono kupinga. Alikuwa Fundi Chausiku Mloka, mwanamke wa miaka hamsini na tatu aliyetengeneza pampu za maji, mwenye mikono myeusi kwa grisi na tabia ya kusema akiangalia chini.

"Hao unaowaita hatari, mwanangu, mimi nawaita kwa majina," alisema. "Mashine yako itajua ninakokwenda. Haitajua ninakwenda kufanya nini."

Asteria alimjibu kwa heshima kwamba mwenye nia njema hana cha kuogopa, na kwamba takwimu zingeonyesha. Watu walicheka kidogo, na Fundi akakaa. Mashine iliwashwa mwezi uliofuata. Katika mwezi wa nne ilileta pendekezo lake kubwa la kwanza. Mtu namba 417 alikuwa akikutana na karibu kila mwanachama wa Kundi la Nondo, kila wiki, nyumbani kwao na vijiweni, tena mara nyingi wakiwa wawili peke yao. Hapakuwa na mtu mwingine aliyewaunganisha kiasi hicho. Lilikuwa fundo. Asteria aliweka sahihi kwenye agizo la utengo, yaani la kumtenga mtu na mtaa wake, na namba 417 akapelekwa kwenye Nyumba ya Utulivu katika mkoa mwingine kwa miaka mitatu. Baada ya hapo Asteria alihamishiwa makao makuu ya Mizani upande wa pili wa jiji, akamchukua baba yake, na Mkongeni ikawa kwake ramani iliyojaa nukta za kijani.

Wiki moja baada ya ziara ya wale wageni, watu sita waliingia soko la Mkongeni kutoka pande sita, saa saba mchana. Hawakuwahi kukaa pamoja mahali popote. Walikuwa wametia kokoto viatuni ili mwendo wao ubadilike. Kwa sekunde arobaini waliwapiga wauza nafaka watatu, wakachukua mifuko yao ya fedha na kutawanyika. Nyuki walipofika walimzunguka mzee mmoja kiwete. Mmoja wa wale wauza nafaka alifariki siku ya pili. Wakati wote huo, ramani ya Mizani ilibaki ya kijani.

Asteria alishuka Mkongeni kwa miguu. Alibisha mlango baada ya mlango, akijitambulisha kwa jina la baba yake, na kila mahali alipokewa kwa adabu na kuambiwa kwamba hawajui lolote. Alishangaa jinsi mtaa ulivyokuwa kimya. Wanawake walichota maji wakisimama mbali mbali. Kwenye kibaraza cha kinyozi, ambako zamani watu walicheza bao tangu mchana mpaka magharibi, palikuwa na benchi moja tupu. Mwanamke mmoja ndiye aliyemweleza, akizungumza kupitia dirishani, kwamba hakuna aliyetaka kukaa karibu na mtu asiyejua namba yake ikoje.

Karakana ya pampu ilikuwa wazi. Ndani alikuwamo kijana wa miaka ishirini na minne aitwaye Sadoki, ambaye hakuficha kwamba aliwahi kuwa wa Kundi la Nondo. Asteria aliuliza Fundi Chausiku yuko wapi. Sadoki aliendelea kukaza boliti.

"Tulidhani unajua," alisema. "Karatasi waliyokuja nayo ilikuwa na sahihi yako."

Kisha akamsimulia, polepole, huku akitazama mlangoni. Kundi lilikuwa na watu thelathini na mmoja. Fundi alikuwa akiwafuata mmoja mmoja. Hakuwahubiria. Alimwomba huyu amsaidie kubeba pampu, akamuuliza yule habari za meno ya mama yake. Mtu akiibiwa, Fundi alikwenda kijiweni peke yake na mara nyingi alirudi na kitu kilichoibwa. Wawili wakitaka kuchomana visu, alikaa katikati yao mpaka wachoke. Aliyetaka kutoka alipitia kwake, kwa kuwa alijua ni nani wa kuzungumza naye ili aachwe aende salama. Kufikia siku aliyochukuliwa, alikuwa amekwisha kuwatoa kumi na tisa. Waliobaki walijifunza kutoka kwa mashine yenyewe: wasikae pamoja, wasifahamiane, wapokee maagizo kwa vikaratasi.

Asteria alirudi makao makuu na kufungua kumbukumbu zote. Mstari wa uhalifu ulikuwa umeanza kushuka miezi tisa kabla Mizani haijawashwa. Alikuwa ameuona mstari huo mara nyingi na kila mara aliuanzia pale mashine yake ilipoanzia. Kisha akaomba kibali cha kufungua jina la namba 417, ingawa hakukihitaji tena.

Kulikuwa na jambo jingine katika kumbukumbu zile. Siku mbili baada ya namba 417 kuchukuliwa, mtu namba 902, mmoja wa waliobaki kundini, alikwenda kwenye karakana ya pampu siku tatu mfululizo, siku ambazo Sadoki alikuwa amelazwa kwa malaria na mlango ulikuwa umefungwa. Mizani ilikuwa imeandika: mwenendo usioeleweka, hauhitaji hatua. Siku ya nne namba 902 aliokotwa nyuma ya kiwanda cha zamani cha katani, ameuawa kwa nondo. Jina lake lilikuwa Yona Magoma, umri miaka ishirini na miwili.

Ilimchukua Asteria wiki tano kulifuta agizo la utengo, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kanuni zilizolifanya liwe gumu kufutwa. Alikwenda kumchukua Fundi Chausiku kwa gari lake. Alimkuta amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, mikono imetakata kabisa. Asteria alimwamkia, na Fundi akaitikia marahaba kama kawaida. Walisafiri mpaka walipoanza kuiona milima ya Uluguru.

Hapo Asteria alisimamisha gari kando ya barabara, akaomba msamaha. Alikuwa ameyapanga maneno yake kwa siku nyingi. Alieleza kuhusu namba, majina yaliyofichwa, na jinsi alivyodhani kwamba kutomjua mtu ndiko kutenda haki. Fundi alimsikiliza hadi mwisho.

"Ungeuliza tu," alisema. "Mtu yeyote pale mtaani angekuambia."

Asteria alisema ni kweli. Kisha, kwa kuwa aliona hana haki ya kuendelea kuficha, alimwambia habari za Yona. Fundi hakuwa amezisikia. Aligeuza uso dirishani. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ile ile.

"Alikaa muda gani pale mlangoni?"

Asteria alizijua tarakimu kwa moyo. Siku ya kwanza dakika arobaini. Siku ya pili saa moja na dakika kumi. Siku ya tatu alifika saa nane mchana na kuondoka jua lilipozama.

"Mama yake anajua kwamba alikuja kunitafuta?"

Asteria alijibu kwamba hakuna anayejua. Kumbukumbu zilikuwa zimefungwa, na jirani aliyemwona, kama alikuwepo, hakuthubutu kusema. Mama yake Yona aliamini kile alichoandikiwa katika taarifa: kwamba mwanawe alikuwa mhalifu aliyeuawa na wahalifu wenzake.

Fundi alifuta uso kwa ncha ya khanga. Akasema waende kwa mama huyo kwanza, karakana itangoja. Asteria aliuliza kama Fundi angezungumza na yule mama, kwa kuwa wanafahamiana.

"Mimi nitakaa pembeni yako," alisema Fundi. "Lakini utasema mwenyewe."

Walifika Mkongeni saa tisa alasiri. Walishuka bombani na kutembea njia nzima bega kwa bega, na Asteria aliona watu wakisimama milangoni kumtazama Fundi bila kumsogelea. Mmoja aliinua mkono nusu, akaushusha. Kinyozi peke yake alitoka nje, akampa Fundi mkono, na akatembea nao hatua chache kabla ya kurudi.

Nyumba ya akina Yona ilikuwa ya mwisho kabla ya mfereji. Mama yake alikuwa uani akichambua mchele. Alimwona Fundi Chausiku, akainuka, ungo ukamponyoka, wakakumbatiana. Kisha akamtazama mgeni. Alikuwa mwanamke mwenye adabu, kwa hiyo alileta vigoda viwili, akafuta kimoja kwa kiganja, akamkaribisha Asteria akae.

Asteria hakukaa. Alivua kitambulisho cha makao makuu kilichokuwa kifuani, akakitia mfukoni.

"Mama, shikamoo," alisema. "Naitwa Asteria Mkude. Nimekuja kukueleza mwanao alikuwa anamtafuta nani, na kwa nini hakumkuta."