Kiti Kilikuwa cha Watu Watatu

Nina miaka sabini na tisa. Meno yamebaki manne, nasomea miwani ya marehemu mume wangu, na shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mtanivumilia. Lakini majina sisahau! Kila mtu aliyekuwepo siku ile ninalo jina lake kichwani mpaka leo... na hilo ndilo linalonitesa.

Ninaitwa Subilaga. Nakaa upande wa juu wa Igogwe, hapa kwetu Rungwe. Hili ninalowaandikia nililificha zaidi ya miaka ishirini na tano. Mume wangu Ambakisye ameingia kaburini bila kulijua.

Ambakisye alikuwa dereva wa wazungu waliokuwa wakijenga barabara. Walipoondoka walimwachia pikapu moja kubwa, kubwa kweli, usukani upande wa kushoto. Mbele ilikuwa na kiti kimoja kirefu cha watu watatu, wanene wakae na wapumue. Nyuma ilimeza mikungu ya ndizi mpaka unachoka kuhesabu. Kijijini hapakuwa na gari lingine. Gari lile lilibeba wagonjwa, maiti, maharusi, wanakwaya. Nani hakulipanda?

Sasa niwaeleze jambo moja ili mnielewe. Kwetu Unyakyusa, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake. Hamwangalii, hamsalimii, na hata sauti yake mzee haisikii. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia kwenye migomba na kujifunika kanga mpaka mzee apite. Wengine wameacha siku hizi, lakini sisi tulishika. Mimi niliishi hivyo na baba yake Ambakisye, mzee Anyosisye, miaka kumi na tisa. Mpaka anakufa sikuwahi kuona macho yake yakoje!

Mwanetu Lusajo alimwoa Tumpe, binti wa Isongole kwenye viazi. Jamani, Tumpe! Mwembamba, mcheshi, mikono haikai bure. Alikuwa akirudi kwao anakuja na gunia la viazi na hadithi za kunivunja mbavu. Siku za soko la Tukuyu, Ambakisye akiwa kwenye usukani na mimi pembeni yake, Tumpe alikaa nyuma kwenye ndizi, ametugeuzia mgongo, kanga kichwani. Heshima imetimia na safari imekwenda.

Ikaja ile miaka ya ruksa. Maduka yakajaa vitu, mitumba ikamwagika, kila mtu akawa mfanyabiashara. Na wazungu watalii wakaanza kuja, wanataka kupanda Mlima Rungwe, wanataka kulala porini karibu na ziwa Ngozi. Kulala porini kwa hiari yao! Tulicheka sana.

Lusajo hakucheka. Alisema, "Baba, hilo gari lako ni mali. Tuliinue, tuliwekee hema, niwe nawapeleka hao watu."

Ambakisye alikataa. Akakataa tena. Mimi ndiye niliyemshika, asubuhi na jioni, mpaka akachoka. Niliuza hata ng'ombe wangu wawili ili kazi ianze. Kwa nini? Nilitaka kuitwa mama wa tajiri. Nisiwadanganye, ni hilo tu!

Lakini Ambakisye alitoa sharti. "Nusu ya nyuma ibaki wazi, ya watu." Lusajo akaapa mbele yetu wote wawili kwamba itabaki.

Gari likakaa Tukuyu kwa fundi Idrisa wiki saba. Nilikwenda kulitazama, nikashika mdomo! Lilikuwa limeongezwa pleti za springi za lori, limesimama juu kama jogoo. Matairi makubwa yenye meno. Mbele ngao ya chuma na winchi ya kujivuta likizama kwenye tope. Bomba la kuvutia hewa limepanda mpaka kwenye paa, ili likipita kwenye mto injini isinywe maji. Juu, kwenye keria, hema la kukunja na ngazi yake.

Fundi Idrisa akanitania, "Mama Lusajo, safari hii ukitaka kupanda uje na ile ngazi ya kuchumia parachichi!"

"Wewe subiri," nikamjibu, "nitapanda wewe ukiwa unanishikia mkoba."

Tukacheka. Halafu akafungua nyuma, na hapo hakucheka tena. Tangi la maji, droo za chuma za vyombo, jiko la gesi, matairi ya akiba, madumu ya dizeli... vyote vimefungwa kwa bolti na kuchomelewa mpaka mlangoni. Kuku asingepata pa kutagia.

"Nilimwambia kijana wako," fundi Idrisa akasema taratibu. "Hili sasa ni la kulaliwa juu. Kubeba watu, basi tena."

Lusajo alikuwa amevunja ahadi. Alisema vifaa vilizidi, kwamba angefungua baadhi baada ya msimu. Gari lilipofika nyumbani Ambakisye alilizunguka mara mbili. Halafu akaniuliza swali moja tu.

"Na mkwe atakaa wapi?"

Nikacheka, wasomaji wenzangu. Nikamjibu kwa sauti, nikijua Tumpe yuko nyuma ya jiko anamenya ndizi na anasikia.

"Mkwe ana miguu!"

Hayo ndiyo maneno yangu. Nayasikia kila ninapofunga macho.

Safari ya kwanza ya Ngozi ilikwenda vizuri mno. Wazungu walinipiga picha nikiwa nimeegemea ngao. Nilitembea kanisani siku ile kama nimevaa taji! Tumpe alikuwa na mimba kubwa wakati huo, anakwenda kliniki ya Igogwe kwa miguu, kushuka na kupanda, mwendo wa saa mbili na zaidi. Hakulalamika hata mara moja.

Safari ya pili ilipokaribia, Lusajo alichukua basi kwenda Mbeya kuwapokea wageni. Gari akaliacha ili baba yake alipake grisi.

Asubuhi hiyo hiyo Tumpe akashikwa na uchungu.

Nilimwita bibi Ngwitike, mkunga wetu. Mpaka saa nne mtoto hajashuka. Bibi Ngwitike akatoka jasho limemjaa, akaniambia, "Subilaga, huyu mtoto amekaa vibaya. Hospitali, sasa hivi! Usingoje!"

Mvua ya siku tatu ilikuwa imegeuza barabara kuwa uji. Hakuna gari la mtu mwingine ambalo lingepanda kilima chetu. Lakini sisi si tulikuwa na letu? Lililoinuliwa, lenye meno, lenye winchi! Limetengenezwa kwa ajili ya tope kama lile!

Ambakisye hakungoja kuambiwa. Aliliwasha, akalileta mpaka mlangoni. Halafu akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona mwanaume mwingine akifanya. Alivua koti, akajifunika kichwa chote, akainama kwenye usukani. Akaniita kutoka humo ndani ya koti.

"Mama Lusajo, mpandishe. Wewe kaa katikati. Mimi nitaangalia njia tu, sitageuza shingo. Mungu ananiona."

Bibi Ngwitike alikuwa amerudi ndani kukusanya vitenge. Nje tulikuwa mimi na Tumpe, upande wa mlango wa kulia. Tumpe akaupeleka mkono wake kwenye kitasa. Akaninong'oneza, maana sauti yake mzee hakutakiwa kuisikia.

"Juba," akasema. Juba kwetu ni mama. "Juba, naomba nipande. Nakufa."

Na mimi? Mimi niliona nini wakati ule? Niliona mwanamke aliye kwenye uzazi anakaa kiti kimoja na baba mkwe wake. Nikaona damu kwenye kiti kile. Nikaona wanawake wa kanisani, nikawasikia wakisema, kwa Subilaga heshima imekwisha, tangu wapate gari la wazungu wamekuwa wazungu. Nilifikiria jina langu... jina langu!

Nikaushika mkono wa Tumpe nikautoa kwenye kitasa.

Haukuwa na nguvu. Ulitoka kirahisi, kama unavyochukua kijiko kwa mtoto aliyesinzia.

Kisha nikapaza sauti, "Baba Lusajo, amekataa. Anaona aibu."

"Mbembeleze!" akasema kutoka kwenye koti.

"Nimembembeleza. Hataki."

Tumpe alinitazama. Angeweza kusema, "Uongo, mimi nataka!" Lakini angesemaje, wakati sauti yake ilikuwa imefungwa na desturi ile ile niliyokuwa nailinda? Machozi yalimtoka.

Nikaita wanaume. Walikuja Gwakisa, Asajile, Anyelwisye na mdogo wake Huruma. Wakafunga machela ya mianzi na blanketi, wakamshusha kwa njia ya mkato, bondeni, mimi na bibi Ngwitike tukifuata nyuma. Ambakisye akazunguka na gari kwa barabara, peke yake.

Pale kwenye daraja la magogo Huruma akateleza. Machela ikainama. Tumpe akapiga kelele moja... na mtoto akaanza kuja hapo hapo, kwenye mvua. Gwakisa alikata majani ya mgomba, wakayashikilia juu yetu huku wamegeuza migongo. Bibi Ngwitike alipambana, nitamsifu mpaka kufa. Mtoto alitoka wa bluu, akamgeuza, akampiga, akalia. Msichana.

Lakini damu ya Tumpe haikusimama. Tulikimbia naye, tulikimbia! Tulipofika mbele ya hospitali, mkono niliokuwa nimeushika ulikuwa umeshapoa. Ni ule ule mkono.

Na unajua nini kilichonimaliza? Gari lilikuwa limeegeshwa pale. Limekwishafika zamani! Ambakisye alikuwa ameshawaambia manesi, wametandika kitanda, wametoa machela yao, wanangoja mlangoni. Lile tope lote halikulisumbua hata kidogo. Nilichungulia ndani. Kile kiti kirefu kilikuwa kikavu na kitupu.

Msibani watu walimsifu Tumpe. Mchungaji alisema huyu alikuwa binti mwenye heshima, amechagua mauti kuliko kumvunjia mkwe wake adabu. Wanawake wakaitikia kwa vilio. Mama yake, mama Tusekile, aliyetoka Isongole na miguu imevimba, alinikumbatia akaniambia ndaga, ahsante kwa kumlea mwanangu vizuri. Na mimi nikapokea! Nikapokea ile ahsante...

Lusajo alirudi kutoka Mbeya akakuta kaburi. Hakumlaumu mtu. Alijilaumu mwenyewe. Alisema, "Ningeacha nyuma wazi kama nilivyoapa, mke wangu angekaa." Alichukua spana na nyundo, akang'oa droo, tangi, jiko, akavitupa vyote bondeni. Hema akalichoma moto. Alipomaliza, nyuma ya gari ilikuwa nyeupe, pana... imechelewa. Akaanza pombe. Mwisho akaondoka kwenda Chunya kwenye dhahabu, akapotelea huko.

Neno langu moja lingemrudisha. Ningemwambia, "Si wewe, mwanangu, kiti cha mbele kilikuwepo." Sikusema. Nilimwacha mtoto wangu abebe mzigo wangu, mwaka baada ya mwaka, huku mimi nikiitwa mama wa kanisa. Kuna mama mbaya kuliko huyo?

Ambakisye hakushika usukani tena. Gari lilibaki kwenye migomba, kuku wakalala kwenye injini. Siku moja kabla ya kufa alisema, "Mama Lusajo, labda nilipaswa kushuka nimbembeleze mwenyewe." Nilimfunika blanketi tu.

Yule msichana tulimwita Atupele. Nimemlea mimi. Mwaka jana alichumbiwa, na Lusajo akarudi kumwoza, mvi kichwa kizima. Siku tatu kabla ya sherehe niliwaita wote wawili jikoni, mchana, nikasema yote. Mkono, kitasa, uongo. Yote.

Atupele alikoroga uji uliokuwa motoni mpaka ukaiva. Akanimiminia kikombe, akaniwekea mbele, akatoka nje. Mpaka leo ananihudumia, ananiita bibi, lakini hacheki na mimi tena kama zamani.

Lusajo akainuka akaenda kwenye migomba. Nikamfuata kwa mkongojo. Alikuwa amefungua mlango wa gari bovu, ameingia, amekaa upande wa usukani alipokuwa akikaa baba yake. Kiti kimetoboka, sponji imeliwa na panya. Lakini urefu ni ule ule.

Akaweka kiganja chake pale katikati.

"Hapa, mama," akasema. "Ungekaa hapa tu."

Nilitaka kupanda nikakae. Miguu ilikataa. Nilisimama pale nimeshika kitasa mpaka mvua ikaanza.

Mahari ya Atupele ilipoletwa siku ya sherehe, wakwe zake walitaka kunipa blanketi la bibi, kama ilivyo desturi. Nililirudisha. Nilimwambia baba mkwe wake, mzee Mwambene, sitaki kitu, naomba uniahidi jambo moja mbele ya watu hawa. Siku mjukuu wangu akizidiwa, umwite kwa jina lake, kwa mdomo wako, umwambie apande mbele. Wazee waliguna. Mzee Mwambene akanitazama, akasema, "Nitamwita."

Wasomaji wenzangu, sisemi mtupe heshima za kwetu. Mimi nimezaliwa nazo na nitazikwa nazo. Ninawaomba kina mama wakwe wenzangu. Binti wa watu akikuwekea uhai wake mikononi, acha kufikiria watasema nini kanisani. Na kama umeshakosea, sema mapema, kabla mwanao hajaota mvi kwa kosa lako. Usimsingizie marehemu heshima aliyokufa akilia aruhusiwe kuivunja.

Ingia garini, mama. Sogea, kaa katikati, mshike mkono. Mpeleke!