Mlango Uliogandishwa kwa Gundi

Kila Jumamosi, baada ya kufua, Chiriku alimsaidia shangazi yake, msomaji wa hadithi za redio. Shangazi alirekodi nyumbani, katika stoo ndogo isiyo na dirisha. Jumamosi hiyo walikuwa wakibandika vipande vya sponji ukutani ili kuua mwangwi.

“Nakwenda sebuleni kusikiliza rekodi ya jana,” shangazi alisema, hedifoni shingoni. “Wewe pima na ukate tu. Gundi usiiguse mpaka nirudi, na mlango ubaki wazi. Umenisikia, mama?”

“Nimesikia, shangazi.”

Kusikia alisikia, kutii ndiko kulikomshinda. Alitaka shangazi akirudi akute kazi imekwisha. Alifunga mlango, akaupaka gundi kwa ndani na kuubandika sponji. Kisha, kwa kuwa alishajiona fundi, alichovya vipande vyembamba katika gundi, akavisokomeza kwenye nyufa zote za mlango ili kelele za nje zisipenye. Mdogo wake wa miaka mitano, Kitinda, aliyekuwa naye humo stoo, alimpa vipande huku akiimba.

Mara Kitinda akanyamaza.

“Dada, kichwa kinazunguka,” alisema, akajilaza sakafuni.

Macho ya Chiriku yalikuwa yakiwasha. Harufu ya gundi ilimkaba koo. Alisukuma mlango, haukutikisika. Aliusukuma kwa bega, wapi! Alipiga ngumi, lakini zilizama kwenye sponji kama anayepiga mto. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Shangazi alikuwa na hedifoni masikioni, hakusikia kitu.

“Kitinda, amka,” alisema akimtikisa. Kitinda hakujibu. Chiriku aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Yeye ndiye aliyefunga mlango ule.

Ndipo alipoiona maikrofoni pembeni. Waya wake ulipita ukutani hadi kwenye kompyuta ya sebuleni. Shangazi alizoea kutania kwamba ikiwashwa, hata mbu akipiga chafya stoo, yeye atamsikia masikioni. Chiriku alitambaa, akabonyeza kitufe.

“Shangazi, nimetia gundi mlangoni. Hatuwezi kutoka. Kitinda haamki.”

Kiti kilianguka sebuleni. Mlango ulivutwa mara kadhaa, mbao zikalia, ukafunguka. Shangazi alimnyakua Kitinda, wakakimbilia nje, kisha zahanati.

Muuguzi alimpa Kitinda hewa ya mtungi, akakaa naye hadi alipofumbua macho na kuomba maji. Hapo ndipo Chiriku alipolia.

Waliporudi nyumbani, shangazi alimketisha mbele ya ile stoo.

“Mwanangu, gundi ile ikikauka hutoa mvuke, na chumba kikifungwa mvuke huo ni sumu. Nilikosa kukueleza sababu. Lakini mkubwa akikukataza jambo usilolielewa, uliza kwanza, usijaribu.”

“Nisamehe, shangazi. Na mlango je, tutaubandika lini?”

Shangazi alibandua kipande cha mwisho cha sponji kilichobaki mlangoni.

“Huu utabaki mtupu,” alisema. “Mwangwi nitauvumilia. Ninyi siwezi kuwapata dukani.”