Sauti ya Nyamizi

Kila jioni, mtu aliyepita karibu na kaya ya Mayunga alisikia Kiingereza.

Kaya hiyo ilikuwa nje kidogo ya mji wa Bariadi, kwenye njia ya kwenda Migato. Mbele kulikuwa na shamba la pamba, na nyuma kulikuwa na zizi la ng'ombe. Ndani ya nyumba, binti yake Nyamizi alikuwa akisoma kwa sauti kubwa. Alikuwa kidato cha nne katika shule ya sekondari pale mjini. Mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia, naye alitaka sana kuwa muuguzi.

Mayunga hakujua kusoma, lakini alijua kusikiliza. Jioni alikaa kwenye kigoda karibu na lango la zizi, akingoja ng'ombe warudi, na sikio lake likiwa dirishani. Sauti ya binti yake ikipanda, alitabasamu. Wapita njia wakisimama, alifurahi zaidi.

"Mwadila, Mayunga! Huyo ni mwanao?"

"Mwadila! Ndiye. Anasoma."

"Lo! Kiingereza kinatiririka."

"Hicho bado," alijibu Mayunga. "Njooni msikie cha asubuhi."

Katika nyumba hiyo kulikuwa na sheria moja, na Mayunga ndiye aliyeitunga. Sauti ikisikika, Nyamizi anasoma, asisumbuliwe na mtu. Mama yake, Esteria, atachota maji mwenyewe. Sauti ikikatika, Nyamizi amemaliza, na kazi zinamngoja.

"Nyamizi! Umemaliza?" Mayunga aliita mara tu nyumba iliponyamaza.

"Bado, baba. Nafikiri kidogo."

"Kama unafikiri tu, njoo ufikiri huku unatwanga."

Basi Nyamizi akajifunza kutonyamaza. Alisoma ukurasa kutoka juu hadi chini, kisha akaurudia. Ulimi uliuzoea ukurasa, nao ukawa unakwenda wenyewe. Akili ilikwenda kwingine kabisa. Mara nyingine alisoma habari za moyo na mishipa ya damu, kumbe mawazo yake yako kwenye viatu vipya vya rafiki yake. Usingizi ulipomzidi, alitia miguu kwenye beseni la maji baridi, akaendelea. Asubuhi alisinzia darasani. Baba hakujua hayo. Yeye alisikia sauti, akaridhika.

Kisha ukaja mtihani wa majaribio, ule ambao wanafunzi huuita moko.

Nyamizi alishindwa vibaya. Alishindwa hata Biolojia, somo alilokuwa akilisoma kuliko yote. Alirudi nyumbani mchana, akaeleza matokeo, akakaa jikoni akilia. Esteria alimwekea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Hakugusa.

"Mimi nina akili ya kuku, mama," alisema. "Kurasa zote ninazijua. Nikiulizwa, sioni kitu."

Habari zilimfikia haraka Jilala, mdogo wake Mayunga. Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameruhusiwa, nao walimiminika vijijini na magari yao na mizani zao. Jilala alikuwa wakala wa mmoja wao. Alikuwa na maneno mengi na kofia mpya.

"Kaka, nipe huyu mtoto," alisema. "Nahitaji karani. Atasoma mizani, ataandika majina ya wakulima. Kazi ipo, na msimu hausubiri mtu."

"Na mtihani wake?" aliuliza Mayunga.

"Mtihani gani tena? Ule mdogo umemshinda. Mkubwa atauweza wapi? Akitoka shule sasa, atakuwa na kazi. Akingoja ashindwe, nafasi nitakuwa nimempa mwingine."

Mayunga alikuna kidevu. Jilala hakuwa mtu mbaya, na alichosema hakikuwa upuuzi. "Pita keshokutwa," alimwambia. "Nitakujibu."

Nyamizi aliyasikia yote akiwa jikoni. Aliogopa. Alimjua baba yake. Akishatoa neno mbele ya ndugu, halirudi.

Siku iliyofuata alikuja Klementina. Huyu alikuwa jirani yao, tena bibi shamba wa kata. Alikuja na pikipiki yake yenye vumbi, akaanza na kazi iliyomleta.

"Mwadila, baba Nyamizi. Mabua ya pamba bado yamesimama! Umeshavuna, ng'oa uchome. Wadudu wanalala humo wakikungoja mwaka kesho."

"Nitang'oa, mayu," alijibu Mayunga, akimwita mama kwa Kisukuma. "Kichwa changu hakipo shambani."

Akamweleza habari za moko na za Jilala. Kisha akasema kwa uchungu, "Wala si mvivu, huyu mtoto. Nimemsikia kwa masikio yangu. Amesoma mpaka mimi mwenyewe nimeshika!"

"Umeshika nini?"

Mayunga akasimama. Akakohoa kidogo, akanyoosha mabega, akatoa Kiingereza chote bila kukwama:

"Fotosintesisi izi ze prosesi bai wichi grini planti meki zea oni fudi!"

Klementina alicheka mpaka akashika usukani wa pikipiki. Esteria alitoka jikoni na mwiko mkononi. Hata Nyamizi, ambaye macho yake yalikuwa mekundu, alicheka.

"Haki ya Mungu, umesema sawasawa!" alisema Klementina. "Sasa, baba Nyamizi, maana yake nini?"

"Maana?" Mayunga alishangaa. "Maana sijui. Mimi nimeshika sauti tu."

Klementina akaacha kucheka. Akamgeukia Nyamizi. "Na wewe? Uliulizwa nini kwenye Biolojia?"

Nyamizi alieleza. Swali lilitaka waeleze kwa nini mimea inayoota chini ya mti mkubwa huwa dhaifu. Yeye aliona neno mimea, akakumbuka ukurasa wake, akauandika wote kama ulivyo. Mwalimu wake wa Biolojia, Marcelo, alipiga mstari mwekundu kutoka kona hadi kona.

"Njooni," alisema Klementina.

Akawapeleka shambani. Pembeni mwa shamba palikuwa na mgunga wenye kivuli kizito. Mabua ya pamba yaliyokuwa chini yake yalikuwa mafupi na membamba, hayafiki hata magotini.

"Nani alipalilia hapa?"

"Mimi," alisema Nyamizi.

"Pamba ya hapa ilikuwaje?"

"Ilikuwa na majani ya njano. Haikuzaa."

"Kwa nini?"

"Mti unaizibia jua. Bila jua majani hayawezi kutengeneza chakula cha..." Nyamizi akaitazama pamba, akamtazama Klementina. "Kumbe ndilo swali lenyewe!"

"Ndilo. Jibu ulikuwa nalo tangu siku ulipopalilia. Lakini hukulitafuta kichwani. Ulitafuta wimbo wako."

"Lakini sauti yake..." alianza Mayunga.

"Sauti si mbaya," Klementina alimkatiza kwa upole. "Ila wewe umemfanya awe redio. Redio inasema mchana kutwa, na haijui ilichosema. Mtoto lazima anyamaze ili afikiri."

Mayunga hakupenda neno hilo. Alirudi hadi lango la zizi, kwa sababu ng'ombe walikuwa wanafika. Klementina alimfuata, akasimama kando.

Ng'ombe waliingia kwa vumbi na kwa kusukumana. Mayunga hakuhesabu. Katika kaya ile hawakuwanyooshea ng'ombe kidole wakihesabu. Alisimama tu, mdomo umefumba, macho yakimpita kila mmoja. Wa mwisho alipoingia, alibaki ametulia. Kisha akasema, "Yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika hayupo. Atakuwa bondeni. Hupenda majani ya kule."

"Umejuaje?" aliuliza Klementina.

"Najiuliza moyoni. Nani anapaswa kuwepo? Nani sijamwona?"

"Mbona hukuwaita majina kwa sauti?"

"Nikipiga kelele nitaonaje asiyekuwepo?" Mayunga alijibu kwa hasira kidogo. Halafu akageuza kichwa polepole, akaangalia dirisha la binti yake.

"Aa," alisema. "Aa, mayu. Wabeja, asante."

Jioni hiyo walikaa nje wote. Klementina alimweleza Nyamizi jinsi ya kusoma.

"Soma kipande kifupi, kwa makini. Kisha funga kitabu. Chukua karatasi, andika unachokumbuka bila kuchungulia. Halafu fungua uone nini kimepotea. Hicho kilichopotea ndicho cha kufuata, kama baba anavyofuata ng'ombe wake bondeni. Usipoteze jioni nzima kuwaangalia walioko zizini."

"Na nikishaelewa, ndiyo basi?"

"Wapi! Utasahau. Kila mtu husahau. Rudia baada ya siku mbili tatu, kisha baada ya wiki. Kila ukirudi, kitakaa zaidi. Na usilale na somo moja wiki nzima. Leo Biolojia kidogo na Hesabu, kesho Jiografia na Kiingereza."

"Tatizo langu jingine ni lugha," alisema Nyamizi kwa sauti ya chini. "Naogopa kusema shuleni. Maneno mengine ya Kiingereza sijui kabisa."

"Elewa kwanza kwa Kiswahili. Hata kwa Kisukuma, mwelezee mama. Kisha andika kwa Kiingereza chako mwenyewe, sentensi fupi fupi. Mwalimu anatafuta jibu, hatafuti sentensi ndefu."

"Nami?" aliuliza Mayunga. "Mimi nifanye nini?"

"Wewe unyamaze."

Esteria alicheka. "Hiyo kazi ataiweza?"

"Na lile beseni la maji baridi alilonieleza Nyamizi," Klementina aliongeza, "lirudi kuoshea vyombo. Mtu asiyelala hashiki kitu."

Jilala alipokuja kuchukua jibu, Mayunga alimkaribisha kigoda.

"Mtoto atafanya mtihani mkubwa," alisema. "Tafuta karani mwingine."

"Akishindwa?"

"Akishindwa, utanicheka mimi. Yeye usimcheke."

Siku za kwanza zilikuwa ngumu, na zilikuwa ngumu zaidi kwa Mayunga. Nyumba iliponyamaza, alishindwa kukaa. Aliinuka, akakaa, akainuka tena. "Nyam..." alianza kuita, na Esteria akamwonyesha mwiko. Siku moja alichungulia dirishani, akamkuta binti yake ameegemea ukuta, kitabu kimefungwa, macho yanaangalia dari. Zamani angemwita akatwange. Sasa alirudi nyuma kwa ncha za vidole. Wapita njia walipouliza mbona Kiingereza kimekauka, aliona aibu kidogo, lakini alivumilia.

Kazi za nyumbani nazo zilipangwa. Nyamizi alichota maji na kutwanga kabla ya kusoma, ili akikaa akae kweli. Walipokuwa wakimenya karanga, alimfundisha mama yake. Esteria alikuwa mwanafunzi mkorofi.

"Unasema ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne. Sawa, tumewachinja, tumeviona. Sasa akicheua, chakula kinarudi kutoka chumba kipi?"

Nyamizi alifungua mdomo, akaufunga. Hakujua. Aliacha karanga, akakimbilia kitabu. Jambo hilo hakulisahau tena.

Mwalimu Marcelo naye alimpa mitihani ya miaka ya nyuma. Klementina alimwazima saa yake ya mkononi, na Nyamizi akajipima kama yuko kwenye chumba cha mtihani. Hapo aligundua kosa lake jingine. Alikuwa anakimbilia kuandika kabla ya kuelewa anaulizwa nini. Sasa alisoma swali mara mbili, akapiga mstari chini ya neno linalotoa amri. Taja ni taja. Eleza kwa nini ni jambo jingine kabisa. Alianza na maswali anayoyaweza, magumu akayarudia mwishoni.

Mtihani ulipofika, Nyamizi hakukesha. Alilala mapema, akanywa uji wa mtama asubuhi, akaenda na kalamu zake. Alirudi amechoka, lakini hakulia.

"Ilikuwaje?" aliuliza Mayunga.

"Kuna niliowakuta zizini, baba. Na kuna waliobaki bondeni. Lakini wengi waliingia."

Matokeo yalipotoka mwaka uliofuata, Nyamizi alikuwa amepata daraja la pili. Biolojia ndiyo aliyoifanya vizuri kuliko yote. Alichaguliwa kuendelea na kidato cha tano, masomo ya sayansi, katika shule ya bweni ya mbali. Esteria alipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Mayunga alikwenda nyuma ya zizi peke yake, na aliporudi, macho yake yalikuwa na machozi ya furaha.

Likizo ya kwanza Nyamizi alirudi nyumbani. Jioni moja Jilala alikuja kumsalimu. Alisimama uani, akatega sikio. Alisikia ng'ombe wakicheua, basi.

"Mwadila, kaka. Mbona kaya imenyamaza hivi? Niliambiwa mtoto amefika."

"Amefika," alijibu Mayunga kwa kunong'ona.

"Anaumwa?" Jilala aliuliza kwa sauti yake ileile ya gulioni.

Mayunga aliinuka kwenye kigoda, akaweka kidole mdomoni.

"Shh! Husikii? Anasoma."

Jilala akavua viatu, akaingia ndani kwa kunyata.