Kiganja cha Bingwa

"Siafu, mvua imeshaingia ndani."

Sauti ya Mkuu, bosi wake wa upelelezi, ilitoka kwenye kidude kilichozama sikioni mwake kama punje ya mtama. Siafu hakugeuka. Aliendelea kuvuta uzi wa raketi kwenye mashine, kama fundi yeyote wa nyuzi aliyeletwa kwa ajili ya mashindano.

"Mvua" lilikuwa jina lao la siri la sumu, ile inayoua kwa kugusa ngozi tu. Ilishawapita walinzi na mbwa wao. Sasa ilikuwa ukumbini, na fainali ya ubingwa wa dunia wa skwoshi ya wanawake ilikuwa mbioni kuanza.

"Iko wapi?" akanong'ona.

"Laiti tungejua."

Katikati ya ukumbi kilisimama chumba cha kuchezea, cha vioo vitupu, kikimeremeta chini ya taa. Kukizunguka, watazamaji walikaa gizani. Hukuona nyuso. Uliona meno tu, walipocheka.

"Dada fundi!" Bingwa mtetezi alikuja mbio kuchukua raketi yake. "Umezikaza vizuri? Yule Twiga akinifunga leo, nakuja kulia hapahapa mezani kwako."

"Kaza roho, mdogo wangu. Nyuzi niachie mimi."

"Roho yangu chuma cha pua!" Akacheka. Kisha kicheko kikamfia mdomoni. "Lakini Jumatatu... Jumatatu naiogopa, dada."

Siku hiyo ya Jumatatu angesimama mahakamani kutoa ushahidi. Aliona masanduku ya timu yao yakijazwa bastola za magendo, akawaona na waliozijaza. Wenzake wawili walioona kama yeye walishazikwa. Mkubwa wa genge, hakuna aliyemjua.

Siafu alimtazama akiingia chumbani. Mlango wa kioo ukafungwa.

Mpira ukaanza kugonga ukuta.

Siafu hakuutazama mpira. Alitazama vioo.

Mfutaji, pande la mtu mwenye shingo nene na glavu za mpira, alikuwa amevifuta muda mfupi uliopita. Viling'aa vyote. Vyote, isipokuwa alama moja kwenye ukuta wa kushoto, usawa wa kifua, yenye ukungu hafifu kama pumzi ya mgonjwa.



Mchezaji wa skwoshi hana nafasi ya kukimbilia taulo. Mkono ukilowa jasho, raketi huteleza. Basi hufuta kiganja ukutani, akaendelea. Kila mmoja ana mahali pake. Twiga alifuta kulia. Bingwa alifuta kushoto, usawa wa kifua, kila mara palepale.

"Mkuu, nimeiona mvua. Wamempakia ukutani. Simamisha mechi."

Mkuu alijibu papo hapo.

"Hapana. Mkubwa wao yumo humu, amekuja kujionea. Tukisimamisha, atatoka na umati. Acha ajionyeshe."

"Atajionyesha binti wa watu akishakufa!"

"Hiyo ni amri, Siafu."

Bingwa akashinda pointi. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Akahamishia raketi mkono wa kushoto, akakitazama kiganja chake cha kulia.

Kimelowa.

Akaanza kuuendea ukuta.

Chini ya aproni Siafu alikuwa na bastola ya Glock, lakini risasi ingezua mkanyagano. Mezani kulikuwa na chupa ya maji.

Akairusha ipite juu ya ukuta wa kioo.

Chupa ikapasukia miguuni mwa Bingwa. Msichana akaruka nyuma, mkono wake ukabaki hewani.

"Simameni!" mwamuzi alifoka. "Wachezaji nje! Mfutaji, ndani!"

"Fundi kalewa huyo!" mtu alipayuka gizani. "Mtoeni!"

Siafu aliingia nyuma ya mfutaji, akamsubiri akaushe sakafu.

"Na pale ukutani, kaka. Maji yamerukia."

"Pale pakavu."

"Basi vua glavu upafute kwa kiganja."

"Mama, niache na kazi yangu."

"Kioo tu hicho. Kinakuuma?"

Zomeazomea ilikatika. Jasho likamtiririka mfutaji hadi kidevuni. Kisha akafanya kosa: akainua macho kuitazama safu ya mbele, kama mtoto anayeomba ruhusa kwa baba yake.

Pale aliketi mgeni rasmi. Mzee mtanashati, mpole, ameshika shada la maua la kumvisha mshindi.

"Mkuu. Ni mgeni rasmi."

"Yule mzee? Una hakika?"

"Anainuka."

Kisu kikachomoka kwenye mkono wa ovaroli ya mfutaji. Siafu aliinama, akakwapua ufagio wa maji, akampiga mfutaji kifundo cha mkono. Kisu kikalia sakafuni. Akamkaba kola, akamsukuma hadi shavu lake likabakiza upana wa kidole kufika kwenye ukungu ule.

"Siyo hapo!" jitu lilipiga yowe. "Nakuomba, siyo ukutani! Nitakufa!"

Ukumbi mzima ulisikia.

Wenzake Bingwa wawili walikuwa kaburini. Ingetosha kusukuma kidogo tu.

Akamvuta nyuma, akamtia pingu.

Mlangoni, vijana wa Mkuu walikuwa wameshamshika mgeni rasmi mikono yote miwili. Shada la maua lilibaki kwenye zulia. Watu walilikwepa kama nyoka.

Wachezaji walihamishiwa kiwanja cha mazoezi, chenye kuta nyeupe na viti vichache. Bingwa alisimama mlangoni, midomo imekauka.

"Dada fundi. Ile sumu ya ukutani ilikuwa yangu?"

Siafu angeweza kudanganya. Kazi yake ilikuwa uongo.

"Ndiyo, mdogo wangu. Na Jumatatu ukisema huendi, hakuna wa kukulaumu."

Bingwa alikitazama kiganja chake muda mrefu, akakifuta kwenye sketi, taratibu.

"Nitaenda," alisema. "Ila leo nina kazi na Twiga."

Akaingia.

"Siafu," Mkuu aliunguruma sikioni. "Umekaidi amri."

"Ndiyo, Mkuu."

"Utajieleza."

"Nitajieleza."

Akakitoa kidude sikioni, akakitia mfukoni, akashika ujia wa nyuma. Mpira ulikuwa umeanza kugonga ukuta tena, kwa nguvu. Hakusubiri kujua nani anaongoza.