Vidonge Vilivyobaki

Nanyama na mumewe, Zedekiah Were, waliishi Riruta katika chumba kimoja cha mabati. Walikuwa wametoka magharibi ya Kenya kutafuta kazi. Zedekiah alipaka rangi nyumba za watu kule Loresho. Nanyama alifua nguo. Walikuwa na watoto wawili wa kike, Peres wa miaka tisa na Phoebe wa miaka mitano. Wote wanne walilala humo. Wakati wa baridi dirisha halikufunguliwa.

Mwezi wa Julai mwaka wa 1971, Peres alirudi kutoka shuleni akakataa chakula.

"Koo linaniuma, mama. Hata mate siwezi kumeza."

Nanyama alimgusa. Mwili ulikuwa moto, na chini ya taya palikuwa na uvimbe. Alimpa maji ya chumvi asukutue. Maumivu yalipungua kidogo, lakini homa haikushuka. Asubuhi alimpeleka zahanati.

Muuguzi wa zamu aliitwa Wangeci, mwenyeji wa Kinoo. Alimwambia Peres afungue mdomo, akakandamiza ulimi kwa kijiko, akamulika tochi.

"Njoo uone, Mama Peres. Haya hapa kando ya koo ndiyo mafindofindo. Kila mtu anayo. Ya huyu yamevimba na yana usaha."

"Sista, sisi koo likiuma tunakunywa chai ya tangawizi tu."

"Koo la mafua, lenye kikohozi na makamasi, mara nyingi hupona lenyewe. Huyu hana mafua. Ana homa, ana uvimbe shingoni, ana usaha. Nadhani ni vijidudu vinavyouawa na penisilini."

Alimpa vidonge vya siku kumi. "Avinywe mpaka viishe, hata akipata nafuu," alisema, akamwita mgonjwa mwingine.

Siku ya tatu Peres alikula vizuri, akatoka kuruka kamba na wenzake. Siku hiyo Zedekiah alirudi kutoka kazini ameshika shavu. Jino lilikuwa linamuuma.

"Mtoto amepona," Nanyama alimwambia. "Kunywa wewe hivi vilivyobaki, visiharibike bure."

Zedekiah akavinywa.

Wiki tatu zilipita. Goti la Peres likavimba. Walidhani ameanguka, wakamchua kwa mafuta. Goti likapoa, kisha kifundo cha mguu kikavimba, halafu kiwiko. Jumapili moja, wakienda kanisani, Peres aliketi chini njiani. Alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia mbali, na walikuwa wametembea polepole. Zedekiah alimbeba mgongoni, wakaenda hospitali.

Alilazwa wiki sita. Kitanda cha pili kilikuwa na msichana mkubwa, naye alikuwa na ugonjwa huo huo. Wiki ya nne msichana yule alifariki. Peres aliona akifunikwa shuka usoni.

Sista Wangeci alipopata habari, alikuja kumwona.

"Daktari anasema moyo umeumia," Nanyama alimwambia. "Mtoto aliumwa koo. Koo na moyo ni wapi na wapi?"

"Vijidudu vya koo visipomalizwa, mwili unaendelea kupigana navyo. Mara nyingine katika kupigana huko unajiumiza wenyewe. Viungo vinavimba, kisha vinapoa. Moyo nao unaumia, na kovu lake halitoki. Ugonjwa huo unaitwa homa ya baridi yabisi." Kisha akauliza, "Vile vidonge, alivimaliza?"

Nanyama aliinamisha kichwa. "Alikunywa siku tatu. Vingine nilimpa baba yake."

Zedekiah alikuwa ameegemea ukuta, mikono ina rangi nyeupe. "Na jino lenyewe halikupona," alisema.

Sista Wangeci hakuwagombeza. "Nilikuambia avimalize," alisema. "Sikukueleza kwa nini. Hapo nilikosea."

"Atapona?"

"Atarudi nyumbani. Lakini moyo hautakuwa kama zamani. Kila mwezi atachomwa sindano ya penisilini, kwa miaka mingi, ili vijidudu vile visimrudie. Vikimrudia, moyo utaumia zaidi."

Peres alirudi nyumbani amekonda. Kubeba maji hakuweza, wala kukimbia. Nanyama alianza kufungua dirisha kila siku, hata wakati wa baridi. Kila mtu akawa na kikombe chake, ili vijidudu visitoke kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Mwezi wa Februari, Phoebe alilia kwamba koo linamuuma. Nanyama hakungoja. Aliacha nguo ndani ya maji, akampeleka zahanati siku hiyo hiyo. Mafindofindo yalikuwa na usaha. Sista Wangeci alitoa vidonge vya siku kumi, na safari hii alieleza yote, polepole, mpaka Nanyama akayarudia mwenyewe.

Nyumbani, Zedekiah alichukua brashi, akachora mistari kumi mlangoni. Kila siku ilipokwisha, alikata mstari mmoja.

Siku ya nne Phoebe alifunga mdomo. "Mimi si mgonjwa tena."

"Kunywa," Peres alimwambia kutoka kitandani. "Mimi pia sikuwa mgonjwa siku ya nne."

Phoebe akanywa. Siku ya kumi mstari wa mwisho ulikatwa. Kwa mwezi mzima Nanyama alimpapasa magoti kila asubuhi. Hayakuvimba. Phoebe alikuwa mzima.

Peres bado anachomwa sindano kila mwezi. Wakiwa kwenye benchi la zahanati, Sista Wangeci humwomba Nanyama aseme na kina mama. Yeye husimama na kusema bila kuficha:

"Huyu alipata nafuu siku ya tatu. Nikamkatizia dawa."

Kina mama humtazama Peres, anavyohema hata akiwa ameketi. Kisha mmoja mmoja humuuliza sista vidonge vyao ni vya siku ngapi.