Vidonge vya Dada

"Meza, kaka! Mimi navimeza mwaka wa nne huu, vimeniua?"

"Hamezi kitu!" Mke akamshika wifi yake mkono. "Vidonge ni vyako, wifi. Mume ni wangu."

"Kabla hajawa mumeo alikuwa kaka yangu!"

Seremala alikuwa katikati yao, amejifunika blanketi mchana kweupe. Wiki mbili zilishapita tangu abadilishiwe valvu ya moyo, na bado kijiko kilimlemea. Dada yake alikuwa ameona karatasi ya maabara: homoni ya tezi ya shingo iko chini. Yeye mwenyewe anaumwa tezi hiyo, basi akajipa udaktari.

Seremala alishanyoosha kiganja. Angemeza hata misumari, ilimradi arudi karakana.

Hapo akaingia jirani yao, muuguzi wa wodi ya moyo. Kelele zilimfikia hadi jikoni kwake.

"Hebu nione hiyo karatasi. Ya siku gani hii?"

Dada akasoma tarehe. "Kesho yake baada ya upasuaji."

"Ndiyo maana. Fundi, siku ile moyo wako ulisimamishwa ili utengenezwe. Mashine ikapokea damu, ikaitia hewa safi, ikairudisha mwilini. Imekuokoa. Lakini mwili unapata mshtuko, na homoni ya tezi inashuka. Kwa wengi inapanda yenyewe baada ya siku au wiki chache. Haina maana kwamba tezi ni mbovu."

"Nikiongezea," seremala akauliza, "si itapanda upesi?"

"Hiyo homoni hukimbiza moyo. Kiti ukikipaka gundi, mteja unamkalisha hapo hapo?"

"Thubutu! Aanguke anitukane?"

"Basi na moyo wako haujakauka."

Seremala akacheka, akashika kifua. Kucheka kuliuma. "Na huu uchovu je?"

"Usiufiche. Mwambie daktari, akupime upya. Wapo wanaohitaji dawa kweli, ila anayejua ni yeye, si pochi ya dada. Na moyo ukienda mbio, au pumzi ikikubana, usingoje miadi. Hospitali moja kwa moja."

Dada akarudisha vidonge kwenye pochi. "Nilitaka apone tu," alisema, sauti chini.

"Najua," mke akasema, akamsogezea kiti.

Kliniki walikwenda wote watatu. Kipimo kipya kikaonyesha homoni imerudi mahali pake, bila kidonge hata kimoja. Uchovu ule, daktari akasema, ni wa mwili unaopona. Atembee kidogo kidogo kila siku. Mbao asibebe bado.

Wiki ya sita tangu upasuaji, asubuhi, seremala akavaa viatu vya matembezi.

"Leo namsindikiza mimi," dada akasema.

"Kwa cheo gani? Mke nipo!"

"Wewe juzi ulimkokota kama mbuzi!"

"Na wewe unamsimamisha kila mlango kusalimia!"

Seremala alishafika mlangoni. Pumzi shwari, miguu myepesi.

"Mkipata mshindi, mtanikuta mbele," akasema. Akatoka, akafunga mlango.