Mbuzi Watatu wa Kitambaa Cheupe

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, binti yangu Pelagia alikuwa na kazi tatu. Aliwasha moto wa uji, akamwosha mdogo wake Marselino, kisha akafungua banda la mbuzi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Mama yao alifariki mwaka uliotangulia, tukiwa bado tunangoja gari la wagonjwa ambalo wakubwa walisema liko njiani. Kwa hiyo mkiona nawasema wakubwa, mjue ninayo sababu.

Mwaka huo, 1997, upele uliingia katika shule yetu ya hapa Heru Juu. Mwalimu mkuu akaamua kwamba kila mwenye upele akae nyumbani mpaka apone. Marselino ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza, akarudishwa. Vipele vilijaa katikati ya vidole vyake na kiunoni, akijikuna mpaka anatoka damu. Nikampeleka zahanati. Muuguzi wetu, Mama Rosa, akanifungulia kabati nijionee mwenyewe. Lilikuwa tupu. Nikamuuliza dawa zinakwenda wapi, akalifunga kabati. Wapo waliosema zinapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wapo waliosema zinauzwa. Mimi niliamini yote mawili.

Ndipo akaja bwana mifugo, Nurudini, na baiskeli yake. Mbuzi wetu nao walikuwa na upele wao, masikio yamekuwa magamba, manyoya yanadondoka. Nurudini alitueleza kwamba upele huo unaletwa na kidudu kidogo sana kinachochimba ngozi. Kidudu cha mbuzi si kile cha mtu, alisema, lakini ni kama ndugu, na kinachomuua huyu huenda kikamuua na yule. Alitaka achanganye unga wa salfa na mawese, ajaribu kwa mbuzi kwanza. Ikifaa, tena bila kuwadhuru, Mama Rosa angemwomba mganga wa wilaya ruhusa ya kuwapaka watoto, na salfa ya kutosha shule nzima ingeagizwa. Aliyokuwa nayo Nurudini ilikuwa ya kujaribia tu.

"Leo mbuzi, kesho watoto wetu," nikamwambia. "Keshokutwa mtatupima uzito na sisi, mtuuze."

"Baba Pelagia, kwa ulivyokonda hivyo nani atakununua?" akanijibu. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Lakini banda langu ndilo pekee lenye ukuta katikati, na Marselino alikuwa anaumia, basi nikakubali. Wakakusanywa mbuzi sita wenye upele. Watatu wakafungwa kitambaa chekundu shingoni, watatu cheupe. Kazi akapewa Pelagia, kwa kuwa anaandika vizuri. Kila asubuhi awapake wa kitambaa chekundu dawa ya kwenye kopo, na wa kitambaa cheupe mawese matupu ya kwenye chupa. Kisha kwa robo saa, kwa saa ya mkononi aliyoazimwa, ahesabu kila mbuzi amejikuna mara ngapi, aandike daftarini. Pelagia aliuliza kwa nini hawa watatu wasipate dawa. Nurudini akamwambia afuate alivyoelekezwa, akapanda baiskeli akaenda zake.

Siku ya kumi nikachungulia kwenye kopo la dawa. Lilikuwa karibu kwisha, wakati tuliambiwa litatosha siku ishirini. Nikaanza kufikiri. Nani anaingia humu bandani? Mwanangu, mimi, na Nurudini, aliyekuwa amekwisha kupita mara mbili na mkoba wake. Na mkoba ule, kila alipotoka, niliuona kama umevimba. Sikumuuliza. Nilitaka kwanza nimwone atafika wapi.

Siku ya ishirini Nurudini akalisoma daftari. Mbuzi wa kitambaa chekundu walikuwa wanajikuna mara arobaini, sasa mara tatu. Mbuzi wa kitambaa cheupe walianza na arobaini vilevile, sasa mara nne. Akawageuza mmoja mmoja, akawakagua masikio. Wote ngozi safi. "Kumbe mawese yenyewe yanatosha," akasema. "Salfa haina kazi." Akafurahi, maana mawese kwetu hayana shida. Mpango wa kuagiza salfa ukafutwa, na Mama Rosa akawaambia wazazi wawapake watoto mawese.

Tulimpaka Marselino wiki nzima. Akang'aa kama ndizi ya kukaanga, na kujikuna kukazidi. Na kwa wenzake ilikuwa hivyohivyo.

Hapo mimi nikawa nimepata jibu langu. Salfa imeuzwa, sisi tumeachiwa mafuta ya mboga. Nikayasema hayo mashineni kwenye kusaga, nikayasema Jumapili nje ya kanisa, na hakuna aliyenibishia. Nikaandika barua kwa mkuu wa wilaya. Shule yangu ni ndogo na mwandiko wangu ni mbaya, lakini jina la Nurudini lilisomeka. Jumatatu asubuhi nikatoa baiskeli niipeleke Kasulu mwenyewe, maana barua za wanyonge ukiziacha posta hazifiki.

Pelagia akaja akashika tandiko la baiskeli. "Baba, usiende."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Ile dawa niliimaliza mimi."

Nikaegemeza baiskeli ukutani. Akanieleza akiwa anaangalia chini. Siku ya tatu alimwona mbuzi mmoja wa kitambaa cheupe akijisugua kwenye nguzo mpaka sikio likachubuka. Akaona ni ukatili, hawa wanapata dawa na hawa wanatazama. Tangu siku ile akawapaka wote sita dawa ya kopo, mpaka ikaisha. Hesabu aliziandika za kweli, hata moja hakudanganya. Alichoacha kuandika ni hicho tu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile daftari lilipokuwa linasomwa.

"Mbuzi walikuwa wamepona, na bwana mifugo alifurahi. Sikujua kama Marselino atakosa dawa," akasema. "Halafu nilipojua, wewe ulikuwa umeshatangaza kuwa yule ni mwizi. Nikaogopa."

Sikumpiga. Niliona aibu, na aibu hiyo haikuwa ya kosa lake, ilikuwa ya maneno yangu. Tukaongozana mpaka nyumbani kwa Nurudini. Maneno yangu yalikwisha kumfikia zamani, kwa hiyo hakutupa hata kigoda. Pelagia akasema yote akiwa amesimama. Nurudini akalitaka daftari, akauliza ni siku gani hasa alianza, akaandika pembeni. Kisha akamwambia:

"Wale wa kitambaa cheupe ndio waliokuwa kipimo changu, mwanangu. Bila wao siwezi kujua kilichoponya ni salfa, ni mawese, au ni siku zenyewe kupita. Ulipowapaka wote, ukanifunga macho. Nami nikawafunga macho wazazi."

"Ungemwambia hivyo tangu mwanzo," nikasema. "Aliuliza. Ninyi wenye kazi zenu mnapenda kuamuru tu, kueleza hamtaki."

Nilidhani atakasirika. Akasema ni kweli, alimpa amri badala ya sababu, na hilo ni lake. Ndipo nikampa ile barua. Akaisoma yote polepole, akaniuliza maneno hayo nimewaambia watu wangapi. Nikasema ni wengi.

"Basi uwaambie haohao," akasema, akanirudishia.

Nikawaambia. Nilianza mashineni, nikamalizia kanisani. Kurudisha maneno ni kazi ngumu kuliko kuyatoa, na wapo wanaoamini yale ya kwanza mpaka leo.

Jaribio likarudiwa, kwa salfa kidogo aliyokuwa amebakiza Nurudini. Jirani yetu Niyibizi akatoa mbuzi wanne wenye upele, wawili kitambaa chekundu, wawili cheupe. Safari hii Nurudini alieleza kila kitu mbele ya Pelagia, akaahidi kwamba siku ya kumaliza, wale wa kitambaa cheupe nao watapakwa dawa. Mimi bado sikuwa nimewaamini sana, kwa hiyo kila asubuhi nilikaa bandani nikahesabu pamoja na binti yangu. Siku nyingine machozi yalimlengalenga akiwatazama wale wawili wakijisugua. Lakini kopo hakuligusa kwa ajili yao.

Siku ya kumi na nne, wa kitambaa chekundu walijikuna mara tatu na mara mbili. Wa kitambaa cheupe, mara thelathini na nane na mara arobaini na moja. Nurudini alipofunga tu daftari, Pelagia alikuwa ameshachovya mkono kwenye dawa na kumkamata mbuzi wa kwanza.

Mama Rosa akaenda Kasulu na lile daftari, akakaa ofisini kwa mganga wa wilaya mpaka akapewa ruhusa na salfa. Alitaka watu wazima watatu wapakwe kwanza mkononi, aone kama ngozi itaungua. Mtu wa kwanza kukunja shati nilikuwa mimi. Wiki ikapita, mkono wangu mzima. Watoto wakapakwa siku tatu mfululizo, na sisi wa nyumba moja pia, tukachemsha nguo zote na kuanika blanketi juani. Baada ya wiki tatu vidole vya Marselino vilikuwa vikavu, na mwalimu mkuu akampokea.

Siku hiyo niliwasindikiza wote wawili mpaka karibu na shule. Marselino akatangulia mbio. Nikamzuia Pelagia kidogo.

"Kuona huruma si kosa," nikamwambia. "Kosa ni kuificha. Ungesema siku ya tatu, tungebishana siku moja tu, yakaisha. Ulinyamaza, na aliyejikuna karibu mwezi mzima bila sababu ni mdogo wako. Kazi uliyokabidhiwa na watu, ukiivuruga, sema. Na mimi nimejifunza. Wewe ulijua ukanyamaza, mimi sikujua nikasema."

"Sasa lipi ni baya zaidi, baba?" akauliza.

Nikamwambia awahi, kengele imeshagongwa. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nililipima swali lile, na nilipofika mlangoni nilikuwa nimekubali kwamba baya zaidi ni langu, maana yeye ni mtoto, mimi ni mtu mzima. Aliporudi mchana nilimwambia.